Mwenyekiti Aliyelivua Jiko Rangi

Katika landhi yetu, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mumewe, mtu mpole aliyekuwa akigeuza njia za treni kule yadi ya reli, akitaka chai alisema, "Mwenyekiti, chai iko?" naye akamjibu kutoka nje alikokuwa akipuliza makaa, "Maombi yako imepokelewa, ngoja majibu." Majibu yalikuja chai ilipochemka, si kabla. Nilipokuwa mdogo nilidhani Mwenyekiti ni jina alilobatiziwa.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa insha alitupa ukurasa mmoja tumweleze mtu tunayemheshimu. Nilianza na viatu vya Mwenyekiti, ukurasa ukaisha kabla sijafika magotini. Sasa niko nyumbani likizo ya Agosti, karatasi ni zangu na hakuna wa kunikatiza. Kusema mbele ya watu siwezi, ulimi hunikauka. Lakini kalamu hainitazami usoni, basi nitaandika mpaka nimmalize, au angalau nimkaribie.

Viatu vyenyewe vilikuwa buti za reli, za kiume, kubwa kuliko miguu yake, naye alizijaza magazeti mbele ili zisimtoke. Akipita juu ya kokoto za reli ulimsikia tangu kwenye bomba la maji mpaka mlangoni kwako. Mama yangu alimwambia siku moja, "Mwenyekiti, si ununue viatu vya kike, mwanamke kama wewe?" Akasema, "Mtu mwenye viatu ya kelele hawezi kusengenywa. Wanaomsengenya wanamsikia akija, wananyamaza, na dhambi inapungua kwa landhi." Nilicheka sana, kwa ndani, maana kwa nje huwa sicheki mbele ya wakubwa. Aliniona hata hivyo. Yeye aliniita Bi Kimya, na kila aliponikuta alinipa sekunde chache za kungoja jibu, halafu akasema, "Haya, tumeshasalimiana," akaenda zake. Watu wengine humlazimisha mtu mwenye haya kusema. Yeye alinihesabu nimesema.

Alijisifu bila aibu yoyote. Alisifu miguu yake, akidai kwamba kwao magharibi vijana walivuka mto wakati wa mafuriko kuja kuitazama tu. Alisifu chapati zake, ambazo zilikuwa ngumu kiasi kwamba baba yangu, karani wa mizigo, alisema zinafaa kuwekwa chini ya magurudumu behewa lisiserereke. Alisifu sauti yake kanisani, na kanisa zima lilijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiupotosha wimbo. Nilipenda kukaa karibu naye anapojisifu, kama mtu anayesikia baridi anavyopenda kukaa karibu na mwenye koti. Mimi hata nikipata namba nzuri darasani naificha.

Jambo la ajabu ni kwamba alijisifu kwa vitu hivyo tu. Lile kubwa alilolifanya sikumsikia akilitaja hata mara moja, na ndilo nitakaloliandika hapa, lakini kwanza nieleze nyumba.

Juu ya landhi, njia ya kupanda upande wa mlima Menengai, kuna nyumba ya matofali walimokaa wazungu wakubwa wa reli, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alipohama ikakaa tupu, na chama cha akina mama wa landhi kikapewa kiitumie kwa kushona, kupika na kupima watoto. Walipewa kwa mdomo tu, wala si kabisa. Mwenyekiti aliufunga ufunguo kwenye ncha ya leso, leso akaifunga kiunoni, na tangu hapo alitembea kama mtu aliyebeba mimba.

Ndani ya nyumba ile aliweka sheria moja: Kiswahili tu. Sisi wa landhi tumetoka kila upande, na mwanamke akisikia wenzake wawili wanacheka kwa lugha asiyoijua, anajua ni yeye anayechekwa hata kama si yeye. Kwa hiyo Kiswahili. Na Kiswahili kibaya kuliko cha wote kilikuwa chake mwenyewe. Alisimama, akasema, "Nyinyi akina mama, lugha ni daraja, msivunje yeye," na Mama Nyambura, ambaye Kiswahili chake kilinyooka, alitazama chini akikaza midomo.

Huyu Mama Nyambura ni wa kueleza pia, maana bila yeye Mwenyekiti haeleweki. Ametoka Elburgon, baba yake alikuwa akipasua mbao huko kwenye msitu wa Mau, na mumewe ni mtu wa reli kama baba yangu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikiwashuku Wakikuyu wote, na yeye Mkikuyu alitembea na pasi yake, kile kibali cha kupita, kifuani hata akienda kuteka maji. Wapo wanawake walionong'ona kwamba asiingie kwenye chama, atatuletea askari. Mwenyekiti hakubishana nao. Kila mkutano alifika mapema, akaketi kwenye benchi la mbele, akaweka mkoba wake kando yake kushika nafasi. Mama Nyambura akiingia, mkoba unaondoka, anaketi yeye. Siku moja mwanamke mmoja aliuliza mbele ya watu kwa nini mtu yule awe mbele. Mwenyekiti akamwambia, "Kwa sababu macho yangu ni mbovu na yeye ananisomea ukutani." Ukutani hapakuwa na maandishi yoyote. Ila Mwenyekiti huyohuyo, mtetezi wa watu, alikuwa akiwanyima watoto wa jirani yake wa kushoto maji ya kunywa kwa sababu ya ugomvi juu ya kuku uliokuwa wa zamani kuliko mimi. Alikuwa hivyo, na siwezi kumpunguza ili ukurasa upendeze.

Sasa jiko. Katika chumba kikubwa cha nyumba ile kuna jiko la ukutani, lile ambalo wazungu huotea moto, la matofali, na bomba lake la moshi linatokeza juu ya paa. Tulipoikuta nyumba, matofali yalikuwa yamepakwa rangi ya maziwa. Rangi ilikuwa imepasuka pasuka, na chini yake ulionekana ukijani wa reli, ule wa milango ya stesheni, na chini ya ukijani rangi nyingine ya kahawia. Kila mzungu aliyeingia alipaka juu ya mwenzake. Mabaya zaidi, walikuwa wamepaka mpaka ndani, kwenye mashavu ya jiko ambako moto unawaka. Yule wa mwisho nadhani hakuwasha moto kabisa, alilitumia jiko kuweka maua.

Ukiwasha, rangi ilivimba kama maziwa yanayochemka, ikanuka kama kwato inayoungua. Watoto wakakohoa, macho yakatoka machozi, na mama zao wakabeba watoto wao wakatoka nje. Basi hatukuwasha. Na bila moto, Nakuru mwezi wa Julai, upepo unashuka kutoka Menengai, nani atamvua mtoto wake nguo amweke uchi kwenye mizani ya bati? Siku ya kupima, watu walipungua, wakapungua tena, mpaka nesi aliyekuja kutoka hospitali akawa anakunywa chai na Mwenyekiti na kurudi.

Memsahib, mzungu aliyesimamia kazi za akina mama, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, na aliwapenda watoto kweli. Lakini alileta habari. Reli ilitaka nyumba iwe stoo ya taa na bendera. Yeye alikuwa amewaomba wangoje. Wakamjibu kwamba baridi ikiisha wataangalia: kama siku za kupima watoto zinajaa watu, nyumba ibaki, kama ni tupu, ufunguo urudi.

"Mimi nasaidia nyinyi," alisema, akaweka chini debe la rangi nyeupe. "Hii rangi mzuri. Paka juu ya jiko, chumba itakuwa maridadi, watu watakuja."

Mwenyekiti alilitazama debe. "Memsahib, asante. Lakini mtu akiwa na kidonda chafu, huongezi bandeji juu ya bandeji."

"Kidonda gani?"

"Hii. Mimi nataka hii jiko uchi, kama mtoto wa kupimwa."

Memsahib alicheka, akasema jaribu, lakini haraka. Debe lilibaki. Mwenyekiti hakutupa kitu cha bure. Alilitumia kupaka milango ya vyoo vya landhi, na mpaka leo vyoo vyetu vinapendeza kuliko nyumba zetu.

Jaribio la kwanza lilikuwa munyu. Nyumbani kwetu magharibi munyu ni yale maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ya kulainisha mboga ngumu. Mwenyekiti alisema kinacholainisha kunde kitalainisha rangi. Wanawake wakachoma maganda, wakachuja, wakaleta munyu kwa masufuria, na mimi na mama tukasugua pamoja nao asubuhi nzima. Uchafu wote wa miaka uliondoka. Rangi ikabaki iking'aa kana kwamba imepakwa jana.

"Tumeiosha uso," alisema Mama Nyambura. "Sasa itaolewa."

Kila mtu akacheka, hata Mwenyekiti, lakini yeye alinyamaza mapema kuliko wengine. Tulijaribu visu na vijiko vya zamani. Vilikwangua punje punje, vikayachubua matofali, na mikono ikauma. Ndipo Mwenyekiti akaja na jambo la ngozi. Kwao alikuwa na mjomba aliyetengeneza ngozi za ng'ombe, akizilaza kwenye chokaa na magadi mpaka manyoya yatoke yenyewe. "Nywele ya ng'ombe imeshikwa na Mungu," alisema. "Rangi imeshikwa na mzungu na brashi. Ipi itatoka mbele?"

Hoja ile ilitushinda wote. Chokaa mume wa Mwenyekiti aliiomba stoo ya reli, ile wanayoitumia kupaka mawe ya kando ya barabara. Magadi yalitoka sokoni. Wakachanganya kwa maji kwenye karai, ikawa uji mzito, wakapaka ukutani, uji ukateleza wote mpaka chini. Wakapaka tena, ukateleza tena. Mtu akasema tutie unga ushike. Wakamgeukia kwa hasira, chakula cha watoto kipakwe ukutani?

Sijui ni nani aliyelisema kwanza, maana walilisema karibu pamoja, kila mmoja akikumbuka kwao. Ukuta unaosimama unasiribwa kwa nini? Kwa mavi ya ng'ombe. Hakuna mwanamke pale ambaye hakuwahi kusiriba nyumba. Wakatumwa wasichana nyuma ya zizi la Mhindi wa maziwa, nami nikiwemo, tukarudi na ndoo. Wakachanganya mavi, majani makavu, chokaa na magadi, na ule mchanganyiko ukashika kwenye matofali kama umezaliwa hapo.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipokosea, na alikosea kwa sababu ya adabu. Mama Nyambura alisema chokaa na magadi vikikutana vinachoma, tutumie miiko. Mwenyekiti akakataa. Mwiko ni wa ugali. Ukuta unasiribwa kwa kiganja. Mwanamke anayesiriba kwa mti ni mvivu na nyumba yake itaingiwa na mchwa. Akakunja mkono wa gauni, akachota, akaanza yeye, kwa mkono wa kulia, kwa duara kubwa nzuri kama za bibi yangu. Alisiriba upande mzima wa kulia wa jiko akiimba. Halafu wimbo ukakatika. Alikwenda nje kwenye pipa la maji akakaa huko. Aliporudi mkono ulikuwa ndani ya leso, akasema kwa sauti ya mkutano, "Kamati imeamua miiko itumike."

"Kamati gani?" akauliza Mama Nyambura.

"Iliyokaa nje."

Basi kila mwanamke alikwenda kwake kuleta mwiko wake, akijua haurudi tena jikoni. Baba alisema wiki ile wanaume wa landhi walikula ugali uliosongwa kwa vijiti vya kila aina, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Walisiriba jiko lote, ndani na nje, na ingawa ilikuwa miiko, kila mmoja alitia urembo wa kwao: huyu mistari ya kushuka, huyu nusu duara kama magamba ya samaki, huyu vidole vya ndege. Wakafunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili lisikauke, wakafunga mlango.

Asubuhi, kabla hatujafunua, gari la Memsahib likasimama nje.

Alikuwa amekuja na habari kwamba bwana wa reli atapita kutazama nyumba. Akaingia, akasimama. Harufu ilimpokea kwanza. Halafu akaona magunia, na pembeni ya magunia akaona kilichokuwa kimepakwa.

"Mwenyekiti," alisema polepole. "Hii ni nini?"

"Dawa, Memsahib."

"Hii ni mavi ya ng'ombe."

"Ndiyo. Na dawa."

"Ndani ya nyumba?"

"Nyumba yangu ya kwanza yote ilikuwa hiyo, Memsahib, na nilizaa ndani yake watoto wazima."

Memsahib alifumba macho. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ametuombea muda, na sasa bwana wa reli angekuta zizi. Akatoa mkono, nadhani ili amuage Mwenyekiti aende akatafute la kumwambia bwana yule. Mkono wa kulia, kama kawaida. Na Mwenyekiti akatoa wa kushoto.

Chumba chote kiliona. Kwetu sisi sote, kabila lolote ulilotoka, mtu hapewi mkono wa kushoto ila umemdharau. Memsahib aliushika tu, kwao labda si kitu. Lakini wanawake walivuta pumzi pamoja, na kabla ya mchana landhi yote, na nusu ya yadi, ilikuwa imesikia kwamba Mwenyekiti alimpa mzungu mkono wa kushoto mchana kweupe, akamtazama machoni. Watu walikuja kumwangalia kama wale vijana walivyodaiwa kuvuka mto kuangalia miguu yake. Yeye alisema tu, "Mambo ya mikono tuyaache." Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa nimeona leso ikiteleza. Kiganja cha kulia kilikuwa kimebabuka, chekundu, ngozi imejikunja kama rangi ile ile. Hakuwa amemdharau mtu. Alikuwa anaumwa, na hakutaka kuonyesha kwamba dawa yake imemchoma yeye kwanza.

"Ngoja dakika moja tu, Memsahib," alisema. "Mama Nyambura, fungua."

Mama Nyambura akavuta gunia. Akaingiza mwiko chini ya ule usiribaji, akabenua. Ukatoka kwa vipande vipana, kama ganda la nduma iliyoiva, na mgongoni mwa kila kipande ilikuwapo rangi ya maziwa, na nyuma yake ukijani. Haikutoka yote. Kwenye pembe ilibaki, na ile ya kahawia ya chini kabisa ilikuwa imelainika tu. Lakini katikati, palipotoka vizuri, palionekana tofali. Jekundu, lenye madoadoa meusi ya tanuri, halijaguswa na brashi ya mtu.

Memsahib akasogea akaligusa kwa ncha ya kidole. "Imetoka," alisema, zaidi kwa nafsi yake.

"Bado," Mwenyekiti akasema. "Tunasiriba tena leo. Huyo bwana mwambie aje wiki ijayo. Akija leo ataona kazi, na mwanaume akiona kazi anafikiri ni uchafu."

Sijui Memsahib alimwambia nini bwana wa reli, lakini hakuja siku ile. Tulisiriba tena, tukafunika, tukabandua, na mahali pagumu tukarudia. Mikono yetu tuliipaka mafuta ya ng'ombe na kuifunga matambara. Mimi nilipewa mashavu ya ndani kwa sababu ni mwembamba. Niliingia ndani ya jiko mwili mzima na kubenua rangi huku masizi yakiniangukia kichwani, na kwa mara ya kwanza maishani niliimba pamoja na watu, kwa sababu humo ndani hakuna aliyeniona. Mwisho tukaosha matofali kwa maji mengi na siki, tukayaacha yakauke, milango wazi.

Halafu moto. Kuni zilikuwa mabanzi ya mtarakwa, ule mti wa Mau unaonukia, ambayo shemeji wa Mama Nyambura aliyatupa kutoka kwenye behewa la mbao lililotoka Elburgon likipunguza mwendo pale yadi. Mwenyekiti mwenyewe aliwasha, kwa mkono wa kushoto. Tulisimama nyuma tukingoja ile harufu ya kwato. Haikuja. Ilikuja harufu ya mtarakwa, na matofali yakaanza kupata joto na kulirudisha chumbani, joto tulivu, kama mgongo wa mtu aliyelala karibu yako.

Siku ya kupima watoto mama mmoja alikuja, akaona moto, akarudi nje kumwita mwenzake. Mwenzake akaita wengine. Wakaja wa landhi ya chini, wakaja wake wa askari jela, foleni ikatoka mlangoni ikazunguka nyumba mpaka kwenye pipa la maji. Nesi hakupata nafasi ya chai. Bwana wa reli alipita katikati ya foleni ile, kofia mkononi, akaomba njia kama watu wengine, akatazama, akatoka. Memsahib alibaki nyuma yake kidogo. Alimwambia Mwenyekiti, "Basi, kaa na ufunguo." Mwenyekiti alikuwa ameshika mtoto wa mtu aliyekuwa akilia. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kumbembeleza.

Nilingoja asifu. Niliwaza atasema kanisani, atasema bombani, atasema kwa miaka. Aliendelea kusifu chapati. Watu wakitaja jiko alisema, "Akina mama walifanya," akageuza mazungumzo. Nimeliwaza sana jambo hili shuleni, kitandani, kabla ya kengele. Nadhani alisifu vitu ambavyo watu hawakuviamini. Hili liliaminika bila yeye, basi akaliacha lijisimamie. Au labda kiganja kilimkumbusha. Sijui. Sikumwuliza, na hata ningethubutu, asingenijibu sawasawa.

Mwanzoni mwa mwaka huu mumewe alimaliza kazi ya reli. Nyumba ya landhi ni ya kazi. Kazi ikiisha, godoro linatoka. Walirudi magharibi. Mama yangu ndiye aliyepewa leso yenye ufunguo, akalia, akaifunga kiunoni.

Jumanne iliyopita nilikwenda na mama kwenye nyumba siku ya kupima. Kulikuwa na baridi, moto unawaka, mabenchi yamejaa. Kwenye mizani alikuwa msichana mgeni, mke wa karani aliyehamia juzi, amevaa aproni nyeupe na ana ukali wa mtu anayeanza kazi. Foleni ikasogea. Nikamwona mtu wa tatu kutoka mwisho, amebeba mtoto mgongoni, na leso ya kijivu kichwani. Amekonda. Mama alimwona wakati huohuo, akainuka nusu. Mwenyekiti akaweka kidole mdomoni. Mama akaketi. Mama Nyambura, kwenye benchi la mbele, akageuka, akaona, akageukia mbele tena mabega yakimtetemeka, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Alipanga foleni kama wengine. Alipofika mbele msichana akauliza, "Huyu ni wako?"

"Mjukuu. Mama yake ameajiriwa huku mjini, nimekuja kumsaidia."

"Mume wako yuko reli?"

"Alitoka."

"Mama, hapa siku hizi ni kwa watu wa reli," msichana akasema, si kwa ubaya. "Wewe sasa ni wa wapi?"

"Wa hapa," akasema Mwenyekiti.

Msichana akangoja aongeze kitu. Akatazama nyuso zetu moja moja bila kuelewa kwa nini wanawake wote wanamtazama yeye. Mwisho akashusha pumzi. "Haya, mvue mtoto."

Mwenyekiti akasogea kwenye jiko, akamvua mjukuu nguo zote, akamgeuza tumbo lake lielekee motoni apate joto kwanza. Mtoto akaona raha. Akakojoa, mkojo mrefu, wa upinde, juu ya matofali ya mbele ya jiko.

"Ngoja, nilete tambara," msichana akasema, akigeuka kukimbia.

"Kaa tu, mwanangu," Mwenyekiti akamwambia. "Tazama. Tofali imekunywa. Ingekuwa na rangi, ingetema."

Tukatazama wote. Doa jeusi lilitanda juu ya matofali mekundu, likasimama, likaanza kupungua kingo zake kwa moto, likawa dogo, likaisha. Mwenyekiti akamweka mjukuu kwenye mizani.